Mafundi watatu, bei tatu: namna ya kuyasoma makadirio ya umeme wa nyumba

Swali: Ndugu mtaalamu, mimi ni mwalimu wa shule ya msingi na ninajenga Kihonda, Morogoro. Nyumba ina vyumba vitatu vya kulala, kimoja kikiwa na choo na bafu ndani, pamoja na sebule, jiko, choo cha wote, korido na baraza. Imekwisha kuezekwa lakini haijapigwa plasta. Nimewaita mafundi umeme watatu. Wa kwanza anataka Sh 1,350,000 na anasema kila kitu ni juu yake. Wa pili anataka Sh 650,000 za ufundi peke yake, vifaa ninunue mimi. Wa tatu ana kampuni, naye ameniletea karatasi ya Sh 3,900,000 pamoja na VAT, taa na feni zikiwamo. Mimi nina Sh 2,500,000. Waya nimeuulizia mwenyewe: duka moja linauza rola ya 1.5 kwa Sh 62,000 na ya 2.5 kwa Sh 98,000. Duka la pili linauza kwa Sh 34,000 na Sh 55,000. Kaka yangu kijijini aliunganishiwa umeme kwa Sh 27,000. Je, nimwamini nani, na fedha zangu zitatosha?

Jibu: Mwalimu, kwa sasa usimwamini yeyote kati yao, wala usimkatae yeyote, kwa sababu hao watatu hawajakupa bei ya kazi moja. Wa kwanza hajakuambia ataweka soketi ngapi wala waya wa aina gani, wa pili amekuuzia mikono yake tu, na wa tatu amekuuzia hata taa ambazo ungeweza kununua mwakani. Kuzilinganisha bei hizo zilivyo ni sawa na kulinganisha nauli za mabasi matatu bila kuuliza kila basi linaishia wapi. Kazi ya kwanza ni yako: hesabu pointi.

Pointi, katika lugha ya mafundi, ni kila mahali umeme unapotokea ukutani au darini ili utumike, yaani taa, feni, soketi, hita ya maji, jiko la umeme, kiyoyozi. Nimeichora nyumba yako kwa maelezo uliyonipa nikaihesabu kama ningekuwa ninaijenga mimi. Sebuleni niliweka taa tatu, feni moja na soketi nne. Chumba kikuu kilipata taa mbili, feni moja na soketi tatu, na bafu lake taa moja na hita moja. Vyumba viwili vidogo kila kimoja kilipata taa moja, feni moja na soketi mbili. Jikoni niliweka taa moja, soketi tatu na pointi ya jiko la umeme. Choo cha wote kina taa moja, korido taa mbili na soketi moja, na nje kuna taa sita ukijumlisha baraza, pembe nne za nyumba na mlango wa nyuma. Nikaongeza kiyoyozi kimoja cha chumba kikuu. Jumla ni taa 18, feni 4, soketi 15 na pointi nzito 3 (hita, jiko na kiyoyozi), yaani pointi 40. Huenda yako ikawa 36 au 45. La muhimu ni kwamba idadi hiyo iandikwe, chumba kwa chumba, na karatasi hiyohiyo wapewe mafundi wote watatu.

Sasa rudi kwenye bei. Fundi wa pili, ukigawa Sh 650,000 kwa 40, anadai Sh 16,250 kwa pointi moja, na hapo unaweza kumuuliza swali lenye maana: je, ndani ya hiyo kuna kutindua ukuta na kuziba, au kutindua ni kazi ya kibarua utakayemlipa wewe? Wa kwanza anadai Sh 33,750 kwa pointi moja, vifaa vikiwamo. Ukimwondolea ufundi kwa kiwango cha mwenzake, zinabaki Sh 17,500 za vifaa kwa kila pointi: bomba, boksi, waya, swichi au soketi, na sehemu yake ya breka, swichi kuu na ethi, yaani waya na fimbo ya kupeleka ardhini umeme unaovuja. Hapo ndipo ninapoanza kukunja uso, na nitakuonyesha sababu kwa bei za waya ulizoziulizia mwenyewe.

Nyumba kama yako hutumia waya wa milimita za mraba 1.5 kwa taa na feni, na wa 2.5 kwa soketi. Taa na feni ni pointi 22. Ukichukua wastani wa mita 8 kwa kila pointi, pamoja na kupanda darini na kushuka kwenye swichi, unapata mita 176 kwa kila rangi ya waya, nazo rangi ni tatu, yaani wa moto, wa nyutro na wa ethi. Rola nyingi zinazouzwa madukani kwetu ni za yadi 100, ambazo ni mita 91 na ushei, kwa hiyo unahitaji rola mbili za kila rangi, jumla sita. Soketi ni 15. Kwa wastani wa mita tano na nusu zinakula kama mita 83 kwa kila rangi, yaani rola moja ya kila rangi, jumla tatu. Kwa bei za duka la kwanza, rola sita ni Sh 372,000 na tatu ni Sh 294,000, jumla Sh 666,000. Kwa duka la pili ni Sh 204,000 na Sh 165,000, jumla Sh 369,000. Fundi wa kwanza amebakiwa na Sh 700,000 za vifaa vyote. Akinunua duka la kwanza anabaki na Sh 34,000 za mabomba, soketi, breka na ethi, jambo lisilowezekana. Kwa hiyo ama ananunua duka la pili, ama ana mpango wa kupunguza idadi ya pointi bila kukuambia, ama atakuja katikati ya kazi kusema vifaa vimepanda bei. Simwiti mwizi, kwa kuwa pengine ndivyo alivyozoea kufanya kazi na wateja wake wengine hawakulalamika. Nasema tu kwamba hesabu yake haiwezi kusimama kwa vifaa vizuri.

Tofauti ya maduka yale mawili ni Sh 297,000, nayo si ndogo kwa mshahara wa mwalimu, kwa hiyo ni haki yako kujua unalipia nini. Waya wa bei ya kutupa mara nyingi huwa na kasoro moja kati ya tatu: shaba yake ni nyembamba kuliko unene ulioandikwa, au rola haitimizi urefu wake, au kilichomo si shaba bali alumini iliyopakwa shaba kwa nje. Alumini hupitisha umeme kwa kiasi cha asilimia 61 tu ya uwezo wa shaba yenye unene uleule, hivyo waya huo hupata joto pale ambapo wa shaba usingepata, na maungio yake hulegea kadiri miaka inavyokwenda. Kuugundua hakuhitaji maabara. Kwangua ncha ya waya kwa kisu, na ukiona weupe chini ya wekundu, urudishe dukani. Kisha omba mizani, hata ile ya kupimia sukari. Shaba ya rola kamili ya 1.5, yadi 100, peke yake bila plastiki yake, ina uzito wa zaidi kidogo ya kilo 1.2, na ya 2.5 ni kama kilo 2. Rola nzima ikiwa juu ya mizani pamoja na plastiki na isifikie uzito huo, basi shaba iliyolipiwa haimo, na hapo hakuna muuzaji atakayeweza kubishana na mizani yake mwenyewe. Alama ya TBS itafute, lakini usiishie hapo, maana alama huchapishwa na yeyote mwenye mashine.

Sehemu nyingine inayokatwa ili bei ipendeze ni ethi, nayo hukatwa kwa sababu taa huwaka vizuri bila hiyo. Niliwahi kuitwa kwenye nyumba ambayo kwa muda mrefu watu walikuwa wakipigwa shoti wakishika bomba la kuogea, na kila aliyeitwa alibadilisha hita. Nilipofuata waya wa ethi hadi nje nikakuta fimbo yake imekatwa kwa msumeno, iliyobaki ardhini haikuzidi urefu wa mkono, na udongo unaoizunguka ulikuwa umekauka kama kigae. Ada ya ethi ililipwa kamili. Kilichofanyika ni ishara yake tu.

Hata fimbo nzima haikamilishi kazi, na hapa naomba univumilie kwa hesabu moja, kwa sababu inaeleza kwa nini kifaa fulani kimo katika karatasi ya fundi wa tatu na wengine hawakukitaja. Nyumba ikitegemea fimbo yake yenyewe, na fimbo hiyo ikawa na ukinzani wa omu 50, umeme ukivuja kwenye mwili wa friji utapita mkondo wa volti 230 gawanya kwa omu 50, yaani ampea 4.6. Breka ya soketi ya ampea 32 itautazama mkondo huo kama pasi ndogo inayotumika, wala haitakata. Anayeshika friji ndiye atakayeugundua. Kifaa kinachokata kwa hali hiyo ni swichi ya umeme unaovuja, ambayo usoni imeandikwa RCCB na 30 mA. Hiyo huhisi sehemu thelathini tu kati ya elfu moja za ampea zikipotelea ardhini, na kukata ndani ya sekunde 0.3. Mkiwa mnapunguza gharama, punguzeni hata taa za pembe, lakini kifaa hiki na fimbo ya ethi visiguswe.

Pointi nzito ndizo zinazoweza kukupa nafuu. Hita ya kuogea ile inayochemsha maji papo hapo, ya wati 5,500, huvuta karibu ampea 24. Jiko la umeme la wati 7,000 huvuta ampea 30. Kila kimoja kinataka waya wake mnene, wa 4 au wa 6, kutoka kwenye sanduku la breka moja kwa moja, na breka yake, na vikiwashwa pamoja vinalazimisha waya unaotoka kwenye mita nao uwe mnene zaidi. Jiulize kwa ukweli: unapikia gesi au umeme? Na Morogoro si Njombe yenye baridi. Je, hita ya bafuni ni ya mwaka huu? Ushauri wangu ni kwamba kwa hita, jiko na kiyoyozi uweke sasa bomba na boksi tupu, na nyuzi ya kuvutia waya ndani yake, kisha uzibe boksi kwa kifuniko. Bomba ni rahisi kabla ya plasta na ni ghali baada yake, kwa kuwa utalipia kutindua, kuziba na rangi. Waya unaweza kuvutwa siku yoyote fedha zikipatikana. Ila sanduku la breka lisinunuliwe la kutosha leo tu. Liwe na nafasi tupu angalau nne, maana kubadilisha sanduku zima baadaye hugharimu kuliko tofauti ya bei ya sasa.

Fundi wa tatu, ambaye nadhani alikutisha, huenda ndiye aliyesema ukweli mwingi kuliko wenzake. Katika Sh 3,900,000 zake, VAT ya asilimia 18 ni Sh 594,915, hivyo kazi yenyewe na vifaa ni Sh 3,305,085, na ndani yake zimo taa 18 na feni 4. Mwombe akuandikie tena bila taa wala feni, ufundi ukiwa mstari wake na vifaa mistari yao, pointi nzito zikiwa mabomba matupu. Usishangae karatasi mpya ikishuka sana. Taa za muda unaweza kuweka holda na balbu za kawaida, na sebule yako haitapungua heshima kwa sababu taa ya urembo imesubiri sikukuu ijayo.

Sasa kuhusu TANESCO, kwa sababu ndipo bajeti nyingi zinapopasukia. Kaka yako alilipa Sh 27,000 kwa kuwa yuko kijijini. Kihonda iko ndani ya Manispaa ya Morogoro. Kwa viwango vilivyoanza kutumika Januari 2022, mteja wa mjini wa njia moja (umeme wa kawaida wa nyumbani) aliye ndani ya mita 30 bila kuhitaji nguzo hulipa Sh 320,960, anayehitaji nguzo moja hulipa Sh 515,618, na anayehitaji mbili Sh 696,670. Thibitisha kiwango cha leo kwenye ofisi yao au kupitia mfumo wao wa maombi wa NiKonekt kabla hujapanga, na ulipe kwa namba ya malipo utakayopewa, si mkononi mwa mtu. Nenda leo jioni uhesabu hatua kutoka kona ya nyumba hadi nguzo iliyo karibu, kwa sababu kati ya kiwango cha kwanza na cha tatu kuna Sh 375,710, nazo zinazidi nusu ya ufundi wa nyumba nzima.

Maombi hayo huambatana na fomu iliyosainiwa na fundi au mkandarasi mwenye leseni ya EWURA, mamlaka inayodhibiti huduma za nishati na maji. Muulize fundi wa pili kama anayo na akuonyeshe. Asipokuwa nayo, atakutafutia mtu wa kugonga muhuri, nawe utamlipa mtu huyo kwa kusaini nyumba asiyoiona. Desturi hiyo imeenea, nami naichukia. Kama ni lazima utumie fundi asiye na leseni kwa sababu mikono yake ni mizuri, basi mlipe mwenye leseni aje mara mbili, kabla ya plasta na baada ya nyaya kuvutwa, na mara ya pili aje na kipimo cha kupimia ngozi ya waya, yaani plastiki inayozuia umeme usivuje, kwa volti 500. Kila mstari unatakiwa usome megaomu 1 au zaidi. Waya mpya na mzima husoma mbali juu ya hapo. Ni kazi ya saa chache, na gharama yake iwe na mstari wake kwenye bajeti.

Tujumlishe. Kutoka Sh 2,500,000 toa Sh 320,960 za kuunganishiwa, tukiwa na matumaini kwamba nguzo iko karibu. Weka kando Sh 250,000, yaani asilimia 10, za mambo yasiyoonekana leo. Toa ufundi wa Sh 650,000 na waya mzuri wa Sh 666,000. Zinabaki Sh 613,040 za mabomba, boksi, swichi, soketi, sanduku la breka na breka zake, RCCB, ethi, waya wa kutoka kwenye mita na ada ya ukaguzi. Kwa pointi 40 zote pamoja na hita, jiko na kiyoyozi vikiwa vimevutiwa waya, nakuambia hazitoshi. Kwa pointi 37 zenye waya na tatu za bomba tupu, bila feni wala taa za urembo, zinaweza kutosha ukinunua kwa uangalifu, na zikipelea kidogo utafidia kwa kuweka soketi za plastiki za kawaida badala ya zile zenye fremu za kung'aa. Kama nguzo iko mbali, basi gawa kazi: mabomba na boksi sasa, upige plasta, nyaya na umaliziaji msimu ujao. Nyumba yenye mabomba matupu haiozi.

Kwa upande wa malipo, usitoe fedha zote za ufundi mwanzoni. Mgao ninaoupenda ni asilimia 30 mabomba na boksi zikiisha, 40 nyaya zikishavutwa na kupimwa, 20 soketi na swichi zikifungwa, na 10 TANESCO wakishawasha. Fundi mwenye njaa ataomba kitangulizi, nawe mpe cha nauli na chakula bila ugomvi. Vifaa nunua mwenyewe, ukiwa na fundi au bila yeye, na udai risiti ya EFD yenye jina lako. Fahamu kwamba baadhi ya maduka humpa fundi cha juu kwa kila mteja anayemleta. Ndiyo maana ufundi wa bei rahisi huja wakati mwingine na orodha ndefu ya vifaa na duka moja tu linalokubalika. Mruhusu fundi aandike aina na kiasi, lakini duka uchague wewe. Na siku mabomba yakiisha kuwekwa, kabla ya plasta, piga picha za kila ukuta kwa simu, futi kamba ikiwa imenyooshwa ukutani ionekane. Picha hizo zitakuokoa siku atakapokuja mtu na dirili kutundika kabati.

Kwa hiyo wiki hii andika orodha ya pointi, pima umbali wa nguzo, na uwape wote watatu karatasi ileile wajaze upya: idadi ya pointi, ufundi kwa pointi, aina na unene wa waya, RCCB, urefu wa fimbo ya ethi, namba ya leseni. Fundi wa kwanza akikataa kuandika, utakuwa umebaki na wawili. Kati ya hao, kama wa pili ana leseni, ningempa kazi yeye, na karatasi ya wa tatu ningeitumia kukagua kama kuna kitu amekisahau.